Kibua cha Jana

Sawako Boyle hakuwa mwalimu, wala hakupata kujidai kuwa mwalimu. Alifika Killybegs, bandari ya wavuvi huko Donegal, akiwa msichana, ametumwa na wanunuzi wa Kijapani kukagua vibua kiwandani. Kazi yake ilikuwa kusimama kwenye mkanda, kavaa buti za mpira, anapitisha hiki, anakataa kile. Msimu ulipokwisha wenzake walirudi kwao. Yeye akabaki kwa ajili ya Manus Boyle, kijana wa kupanga makreti, aliyemwambia kwa ishara na vicheko kwamba mvua ya Donegal huzoeleka. Mvua haikuzoeleka, ila Manus alizoeleka. Wakazaa, wakalea, watoto wakaondoka kama watoto wa huko wanavyoondoka, na Sawako akabaki na bustani yake ya vitunguu na ugomvi usiokwisha na kuku wa jirani.

Kwa hiyo Dervla McGinley alipomjia na habari za mafunzo, alidhani anataniwa.

"Mimi? Niwafundishe nini?"

"Kijapani. Mapishi. Adabu zenu, utamaduni wenu, vyote," akasema Dervla. "Wanangu wanasomea nyumbani, unajua. Sitaki wajifunze kwa kitabu wakati mtu mwenyewe yupo hapa hapa, umbali wa kutupa jiwe."

Dervla alikuwa mwanamke wa sauti ya chini. Hakuna mtu upande wote ule wa Kilcar aliyewahi kumsikia akifoka, na watu walimsifu kwa hilo. Aliwatoa watoto wake shuleni kwa sababu, alivyosema, shule huwapiga watoto pasi wakatoka wote wamenyooka namna moja. Nyumba yake ilinukia mkate na nta ya kung'arishia mbao. Haikuwa na televisheni. Mumewe, Eunan, aliendesha lori la friji, akipeleka samaki Ufaransa na Hispania, na nyumbani kwake alionekana kama mgeni wa sikukuu.

Sawako akakubali. Alikuwa mpweke, na kwa miaka mingi hakuna mtu aliyemuuliza habari za kwao, isipokuwa kutaka kujua kama ni kweli wanakula samaki mbichi.

Basi kila Jumatano asubuhi akawa anapanda kilima na kikapu chake. Wanafunzi walikuwa wanne: Senan, mkubwa wa Dervla, mtoto wa maneno mengi; Nessa, mdogo wake, aliyekuwa na miaka minane; na pacha wa kina Gallagher wa bondeni, ambao nao walisomea nyumbani. Walikaa jikoni kwa Dervla, wakaandika herufi kwa brashi, wakakata karoti ziwe maua, wakafinyanga wali kwa mikono iliyolowana maji ya chumvi. Walijifunza kumwita Sensei, yaani mwalimu, kusalimu, kushukuru, na kuomba radhi kwa jambo ambalo hata hukulifanya, na hilo Senan akaliona ni utamaduni wa kijinga kuliko tamaduni zote duniani.

"Sasa nikimkanyaga mtu naomba radhi, na nikikanyagwa naomba radhi?"

"Ndiyo."

"Basi huko kwenu mtu ananyamaza saa ngapi?"

Sawako alicheka mpaka akaketi.

Nessa alipenda maneno ya sauti. Kijapani kimejaa maneno hayo: mvua ya kunyesha kwa kishindo ina neno lake, manyunyu yana lake, tone la kwanza kabla hujajua kama ni mvua au ni ndege, nalo lina lake. Mtoto wa Donegal atakosaje kupenda lugha kama hiyo? Alisimama dirishani akaitangaza mvua kila ilipogeuka. Na neno aliloling'ang'ania kuliko yote lilikuwa nuru-nuru. Sisi tukilisikia tunafikiria mwanga. Kwao ni utelezi, utelezi wa konokono, wa kamasi, wa kitu ambacho ulimi unakikataa kabla hujakimeza. Nessa alikuwa na ulimi wa namna hiyo. Uyoga, mwani, ngozi ya samaki: aliviangalia kama mtu anayetazama kidonda.

Siku moja watoto walikuwa wanaacha punje za wali kwenye mabakuli, na Sawako, kwa mazoea tu, akatoa ile kauli aliyoisikia kwa bibi yake, kwamba kila punje ya wali inakaliwa na miungu saba.

"Saba?" akauliza Senan. "Kwenye punje moja? Wanalala vipi?"

"Wanabanana."

"Na mtu akienda chooni, miungu wanaenda wapi?"

Pacha wa Gallagher walianguka chini kwa kicheko. Hata Nessa alicheka, akala punje zake moja moja, akiitakia kila moja safari njema. Dervla, aliyekuwa amesimama mlangoni, hakucheka. Alikuwa amejishika kifua kama mtu aliyeletewa habari aliyoingoja.

"Maneno mazuri mno," akasema. "Sawako, kwa nini hukutuambia mapema?"

Wiki iliyofuata maneno yale yalikuwa yameandikwa kwa chaki kwenye ubao wa jikoni. Na kuanzia hapo Dervla akawa na maswali. Ni kweli watoto wa Kijapani hawabakizi? Ni kweli hawalii ovyo?

"Wanalia kama wengine," akasema Sawako.

"Lakini hawalii mezani."

"Wanalia mezani, wanalia chini ya meza. Ni watoto."

Dervla alitabasamu kama mtu anayemstahi mwenziwe kwa kutojisifu. Sawako akahisi kakero kadogo, kama unywele mdomoni. Hakulifanyia kazi. Ndilo jambo lililomchoma baadaye: kwamba alihisi, akaendelea kumenya tangawizi.

Majira ya baridi yakaingia. Nessa akawa haitangazi mvua tena. Akikaa mezani alivuta mikono ya sweta mpaka ikafunika vidole, na mara moja Sawako aliona kipande cha tofu, ile jibini ya soya, kikichungulia ndani ya mkono wa sweta ile. Akadhani ni utundu. Akamkonyeza. Nessa hakumkonyeza, alimtazama kwa hofu kama mwizi aliyeshikwa.

Ikafika Jumatano ya vibua. Manus aliletewa ndoo nzima na rafiki yake wa bandarini, na Sawako akawafundisha watoto kuvipika kwa miso, ile soya iliyochachushwa, pamoja na tangawizi na sukari kidogo. Jikoni kukanukia vizuri. Senan alikula viwili. Nessa alionja ncha ya ngozi, mabega yakamruka, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Acha tu, kipenzi," Sawako akamwambia. "Kula wali."

"Tutamwekea," Dervla akasema kwa upole wake. "Atamaliza akiwa tayari."

Sawako akaona ni wema. Akaaga, akashuka kilima, akafika nyumbani ndipo akakumbuka amesahau kisu chake.

Kesho yake, kabla ya saa sita mchana, akarudi kukichukua.

"Aa, Sawako! Pita, pita," Dervla akasema. Alikuwa anakanda unga, mikono myeupe mpaka viwikoni. "Kisu nimekifunga vizuri, kipo juu ya friji."

Nessa alikuwa mezani peke yake. Mbele yake palikuwa na bakuli, mojawapo ya yale mabakuli ya udongo wa kijivu ambayo Dervla aliyapenda, na ndani yake kibua. Mafuta yalikuwa yameganda juu yake kama nta ya mshumaa. Ngozi ilikuwa imejikunja na kuachana na nyama, ina rangi ya maji ya kudekia. Jicho lilikuwa limeingia ndani. Mtoto alikuwa ameshika vijiti vyake vya kulia sawasawa, kama alivyofundishwa, na midomo yake ilikuwa mikavu.

"Hiki si cha jana?" akauliza Sawako.

"Cha jana, ndiyo."

"Jana usiku alikula nini?"

"Alipewa hicho. Hakuchagua kukila."

"Na asubuhi?"

"Alipewa hicho." Dervla akaugeuza unga, akaubonyeza kwa kiganja. "Hatumlazimishi, Sawako. Nyumba hii hatulazimishi mtoto. Nessa mwenyewe ndiye anayechagua saa ya kumaliza. Bakuli likiwa tupu anainuka, anaenda kucheza. Ni huru kabisa."

"Maji je?"

"Maji anakunywa, jamani. Mimi si mnyama."

Sawako akamwangalia Nessa. Nessa akanong'ona bila kuinua macho, "Nuru-nuru."

"Hii si mara ya kwanza," Sawako akasema.

"Hapana, tangu ulipotuambia ile habari ya miungu. Hujui tu ulivyotusaidia. Zamani alikuwa wa kuchagua-chagua, hiki sitaki, kile sitaki. Ule mchuzi wa mwani ulimchukua muda mrefu zaidi ya huu. Ulirudi kidogo, lakini alimaliza."

"Ulirudi?"

"Alimaliza vyote," akasema Dervla kwa fahari.

Sawako akainamia bakuli. Kwanza ilikuwa ni harufu, ule uchachu wa samaki aliyelala, lakini nyuma ya harufu ile kulikuwa na nyingine aliyodhani imekufa. Huko kwao Itoigawa, alipokuwa mdogo kama Nessa, chakula cha mchana kililiwa darasani, na mwalimu wao, Bi Kuwabara, hakumruhusu mtu kuinuka na sahani yenye kitu. Siku za maini, Sawako hakuinuka. Wenzake walimaliza, wakaenda kucheza, wakarudi, ukafika wakati wa kufagia darasa. Madawati yote yalisukumwa nyuma, na la kwake likasukumwa pamoja naye, yumo humo humo, amebanwa kati ya viti vilivyopinduliwa. Vumbi la mafagio lilipanda likatua juu ya maini. Watoto walimpita na ndoo za maji wakitazama pembeni. Hakuna aliyemcheka, na hilo lilikuwa baya kuliko kuchekwa. Akayala pamoja na vumbi lake. Mama yake alipoambiwa, alisema Bi Kuwabara ni mwalimu mwenye bidii.

Hakuwahi kumwambia mtu habari hiyo, hata Manus. Na leo anaikuta hapa, upande wa pili wa dunia, kando ya mkate unaoumuka, imevikwa jina la nchi yake na kupewa shukrani.

Akavuta kiti, akakaa karibu na mtoto. "Nipe vijiti."

Nessa akamtazama mama yake.

"Mpe tu Sensei, mpenzi," akasema Dervla. Alidhani somo linaendelea.

Sawako alikuwa na nia ya kukila chote. Alitaka bakuli liwe tupu na mtoto ainuke, basi, hakuwa na fikra nyingine. Akavunja kipande, akakitia mdomoni. Kilikuwa baridi. Mafuta yaliyoganda yalijipaka kwenye kaakaa kama sabuni, na ngozi ikaselelea ulimini, haitafuniki, haimezeki. Akameza. Akatia cha pili. Akajaribu kuinuka aende kwenye sinki asifike. Akatapika pale pale, nusu mezani, nusu kwenye lile zulia lililofumwa kwa mkono.

Dervla akarudi nyuma, akaziba pua kwa mkono wenye unga. Uso wake ulijaa kinyaa, kinyaa safi kisicho na haya, cha mtu aliyekaa saa nyingi kando ya bakuli lile bila kukunja hata kipaji cha uso.

Nessa hakushtuka. Alikitazama kilichokuwa mezani, kisha akamtazama Sawako, akauliza kwa sauti ya mtu anayetaka tu kujua utaratibu:

"Sensei, na hiyo utaimaliza leo au kesho?"

Hapo Sawako akainuka. Akafuta mdomo kwa mkono wa koti. Akalichukua bakuli, akafungua mlango wa nyuma, akalirusha na vilivyomo. Likagonga ukuta wa mawe likavunjika vipande.

"Bakuli langu!" Dervla akapiga ukelele. Sauti ilitoka kali kama ya mtu mwingine, na Nessa akaruka kitini, maana hakuwa ameizoea.

"Nyamaza," akasema Sawako. Alizungumza kwa lugha aliyojifunza kiwandani, kwa wanawake wa mkanda, ambayo hakuwahi kuitumia ndani ya nyumba ya mtu. "Nyamaza, mwanamke mchafu wee. Unamlisha mtoto matapishi yake halafu unalilia udongo?"

Akakata mkate wa jana uliokuwa ubaoni, akapaka siagi nene, akanyunyiza sukari, akamwekea Nessa mkononi. Mtoto aliukodolea macho. Kisha akala haraka, amejiinamia, kama anayekula wizi.

Dervla alikuwa amesharudisha sauti yake mahali pake. "Nasikitika umelichukua hivyo," akasema. "Lakini huu ni utamaduni wako, Sawako. Mimi nimejifunza kwako. Wewe ndiye uliyeuleta humu ndani."

Sawako akajichukia kwa hilo. Akachukua kisu chake juu ya friji. Dervla akamwomba asirudi tena.

Nyumbani alisukutua mdomo mpaka fizi zikauma. Manus alimwekea chai, akamsikiliza mpaka mwisho, akiwa ameshika kofia mapajani.

"Unataka nimpigie simu padri?" akauliza.

"Padri wa nini? Mtu amekufa?"

"Ndiye ninayemjua mimi. Nauliza tu."

Wakapiga simu kwa watu wa ustawi wa watoto. Baada ya muda akatumwa mmoja, kijana mstaarabu. Alikuta nyumba inang'aa, vitabu vimepangwa, mkate unatoka jikoni, na mama wa sauti ya chini. Akanywa chai, akala mkate, akashuka kilima. Manus alipata habari hiyo dukani, na aliyempa alimalizia kwa kusema kwamba ni aibu watu kupelekeana askari kwa sababu ya samaki.

Ikabaki kumtafuta Eunan. Sawako alimvizia bandarini, mahali malori yanapopakiwa, akamkuta ameketi ngazi ya lori lake anakula mkate wenye soseji. Ni mtu mkubwa, mwenye uso wa kitoto. Sawako akamweleza. Eunan akaendelea kutafuna, mchuzi mwekundu umemganda pembeni mwa mdomo, macho ameyapeleka kwenye maji.

"Mambo ya masomo ni ya Dervla," akasema hatimaye. "Mimi siingilii."

"Sikuambii habari za masomo."

"Niliona Krismasi," akasema Eunan.

"Uliona nini?"

"Niliona amekaa na supu. Sisi tunafungua zawadi, yeye amekaa na supu." Akameza. "Nikasema labda ni somo. Nikasema labda huko kwenu ndivyo mnavyofanya. Si ndivyo mnavyofanya?"

Sawako alimwangalia akitafuta pa kumkasirikia, akaona hapana. Palikuwa na ulaini tu, kila mahali ulaini. Angeweza kumwambia hapana, sisi hatufanyi, na ingekuwa uongo.

"Nilifanyiwa," akasema. "Na mama yangu alijua, akasema vizuri. Hadi leo nikilikumbuka kaburi lake sitamani kulifagia. Kama unataka mwanao akukumbuke hivyo, malizia mkate wako."

Eunan aliutazama mkate. Hakuumaliza, lakini hakuutupa. Aliufunga kwenye karatasi, akautia mfukoni, akaomba radhi, haikujulikana kwa nani.

Siwezi kusema kwamba siku ile alibadilika akawa mwanamume mwingine. Alikwenda safari yake ya Hispania. Aliporudi alikaa nyumbani kuliko kawaida yake, akala mezani pamoja nao, na inasemekana siku moja aliinuka katikati ya chakula akachukua bakuli la Nessa akalimwaga, na yeye na Dervla wasizungumze mpaka Pasaka. Baada ya Pasaka akaacha safari za mbali, akapata kazi ya kusambaza barafu bandarini, na watoto wote wawili wakaandikishwa shule ya parokia. Senan alilalamika wiki nzima, kisha akawa kiongozi wa watundu. Nessa alikuwa mkimya. Mwalimu wake alimwambia Manus kwamba ni mtoto mzuri, ila saa ya chakula lazima umkalishe karibu na mlango.

Kwa Sawako hakukuja mtu kushukuru. Mama wa pacha alimsimamisha njiani akamwambia hawamlaumu hata kidogo, ila kwa sasa wanaona afadhali watoto wajifunze mambo ya hapa hapa. Alisema hivyo huku akitazama kikapu cha Sawako, kana kwamba kuna kitu humo kingeweza kuambukiza. Kilimani wakasema amevunja nyumba ya watu. Bondeni wakasema nyumba gani, nyumba ilikuwa ganda. Vyovyote vile, Jumatano zake zikawa tupu, na brashi za herufi zikakauka kwenye kopo lao.

Majira ya joto alikutana na Dervla dukani, kwenye friji za maziwa. Hapakuwa na njia ya kupita. Dervla aliweka chini kikapu chake, akaunganisha mikono mbele ya mapaja, akainama taratibu, akamsalimu kwa Kijapani safi kabisa, hata mkazo wa maneno ameupata. Wanawake wawili waliokuwa kwenye foleni wakageuka kutazama kwa furaha.

"Sina kinyongo na wewe," akasema Dervla baada ya hapo, kwa sauti ile ile ya pamba. "Nataka ujue hivyo. Nimempata mwalimu wa Kyoto, kwa kompyuta. Mimi mwenyewe ndiye ninayejifunza sasa. Chai na maua tu. Anasema nina moyo wa Kijapani."

Mate yalimjaa Sawako mdomoni, yale mate mepesi ya chumvi yanayotangulia matapishi. Akashika ukingo wa friji. Wanawake wa foleni walikuwa wanangoja naye ainame, ilikuwa wazi wanangoja.

Hakuinama. Alikitua kikapu chake sakafuni, na maziwa yake na mayai yake, akampita Dervla kwa ubavu akijikunja asimguse, akatoka nje penye lori la makaa na upepo, akasimama hapo akivuta pumzi kwa mdomo mpaka Manus akashusha kioo cha gari.

"Vitu viko wapi?"

"Vimo ndani. Ingia uchukue wewe."

"Kuna nini?"

"Nenda, Manus. Na mayai, tafadhali. Mimi humo sirudi."